Mfundishe kuomba kabla hujamfundisha kukaa

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza kwenye shule ya kijijini, Kanda ya Ziwa. Nina wanafunzi 84. Mmoja ni mvulana wa miaka 7 ambaye hospitali ya rufaa imemwandikia kuwa ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na hisia. Hazungumzi kama wenzake; ukimwuliza "Umekula?" naye anajibu "Umekula?" Kengele ikigongwa anaziba masikio na kutoka mbio. Muda mwingi yuko chini ya dawati anapanga vizibo vya soda mstari mmoja, na nikivichukua analia mpaka anajigonga kichwa ukutani. Mwalimu mkuu anataka apelekwe shule maalumu ya bweni mkoa wa jirani. Mama yake amenijia mara mbili akilia, anataka mtoto abaki. Nimesoma habari za ABA, TEACCH na PECS nikazidi kuchanganyikiwa. Nitumie njia ipi, na nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, pole na mzigo wa watoto 84, na ahsante kwa kuandika badala ya kumwacha huyu mmoja akae nyuma ya darasa mpaka mwaka uishe. Nimefundisha watoto wenye usonji kwa miaka 22, mwanzoni kwenye kitengo cha elimu maalumu, sasa nikizunguka shule za kawaida kama yako. Nitakujibu kwa urefu.

Umenitajia mambo matatu anayoyafanya: anarudia maneno, anaikimbia kengele, anajigonga akinyang'anywa vizibo. Wewe umeyaandika kama utovu wa utulivu. Mimi nikiyasoma namsikia mtoto akisema "sijakuelewa", "inaniumiza" na "nirudishie", kwa njia pekee alizo nazo. Kwa hiyo somo lake la kwanza liwe kuomba anachokihitaji. Kukaa kitako kutakuja, irabu zitakuja, KKK itakuja. Lakini mtoto asiyejua kuomba, ukimfundisha kukaa tu, umemfundisha kunyamaza na maumivu yake.

Kwa mtoto wa aina hii, njia ya kufundisha kuomba ninayoiamini zaidi ni hiyo uliyoiona ikiitwa PECS. Ni mfumo wa kubadilishana picha, ulioanzishwa mwaka 1985 huko Delaware, Marekani, na Andy Bondy na Lori Frost, waliokuwa wakifundisha watoto wadogo ambao hawakuwa na desturi ya kumwendea mtu kumwambia jambo. Una hatua sita. Kwa muhula huu wewe unahitaji mbili za mwanzo, na vifaa vyake utavitengeneza mwenyewe kwa manila, maka peni na selotepu.

Nikueleze nilivyofanya na binti mmoja wa miaka 6 ambaye hakuwa na neno hata moja. Mama yake aliniambia anapenda kashata za nazi kuliko kitu chochote duniani. Nikachora kashata kwenye kipande cha manila kinachoenea kiganjani, nikaipaka rangi, nikaizungushia selotepu pande zote isilowe mate. Kashata yenyewe nikaikata vipande vidogo kama punje za mahindi, maana mtoto akishashiba somo limekwisha. Nilikaa mbele yake kwenye mkeka, mwalimu mwenzangu akakaa nyuma yake, kadi ikawa chini katikati yetu. Nikamwonyesha kashata bila kusema kitu. Akanyoosha mkono kuichukua. Mkono ukiwa bado njiani, mwenzangu akaushika taratibu kutoka nyuma, akauelekeza kwenye kadi, akamsaidia kuiokota na kuiweka kwenye kiganja changu kilichokuwa wazi. Kadi ilipogusa kiganja tu nikasema "Kashata!" na kumpa kipande papo hapo. Tukarudia kama mara kumi na tano.

Yule aliyekaa nyuma hakutamka neno lolote. Kazi yake ni kuwa mkono. Akisema "haya, mpe mwalimu kadi", mtoto atajifunza kungoja kuambiwa, na sisi tunataka aanze yeye. Siku ya nne mwenzangu alikuwa anagusa kiwiko tu. Siku ya saba alichelewa kufika, nami nikawa naangalia mlangoni kumtazamia, mara nikahisi kitu kinanigonga gotini. Binti ameiokota kadi peke yake na ananipigia nayo goti kwa sababu sikuwa namwangalia. Nilimpa kashata nzima. Ile kadi ninayo hadi leo, ina alama ya meno pembeni.

Makosa ninayoyaona shuleni kwenye njia hii ni mawili, na yote yanatokana na sisi walimu kuzoea kuuliza. La kwanza ni kumwinulia mtoto kadi na kusema "Hii ni nini?" Hapo mwalimu ndiye aliyeanza, mtoto anajibu mtihani. La pili ni kutumia picha ya kitu asichokitaka. Hakuna mtoto atakayeomba kalamu ya risasi kwa furaha. Muulize mama yake: karanga? Muwa? Kipande cha andazi? Au vizibo vyenyewe? Akishaweza kukupa kadi ukiwa mbele yake, sogea. Kaa meza ya mwalimu, kadi ibaki ukutani, avuke darasa kuileta. Hiyo ndiyo hatua ya pili, na ndiyo inayomgeuza mtoto kutoka mtu anayepewa kuwa mtu anayemwendea mwenzake.

Utauliza nani akae nyuma yake wakati una watoto 84. Mama yake yuko mlangoni kwako analia, mpe kazi. Dakika ishirini asubuhi kabla ya mstarini, mara tatu kwa wiki, zinatosha kuanzia. Mzazi akishaona mtoto wake anaomba, jioni atafanya mwenyewe nyumbani na bakuli la ugali.

Na mtu akikuambia kadi zitamfanya asiseme kabisa, mjibu bila wasiwasi. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walikusanya tafiti zilizofanyika juu ya jambo hilo hilo, wakawaangalia watu 27 wenye ulemavu wa makuzi ambao rekodi zao zilikuwa makini zaidi. Hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi kwa sababu ya picha au ishara. Karibu 9 kati ya kila 10 waliongeza usemi, ingawa kwa wengi ongezeko lilikuwa dogo.

Sasa hilo la "Umekula?" "Umekula?"

Zamani walimu waliambiwa kuurudia usemi ni uchafu wa kufutwa. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan walichunguza kwa makini watoto wanaoakisi maneno wakaonyesha kuwa mwangwi ule una kazi: mara ni kuitikia, mara ni kuomba, mara ni kushika zamu yake kwenye mazungumzo, mara ni kujiongoza mwenyewe anapofanya jambo. Kwetu sisi kuna mtego wa ziada ndani ya lugha. Kiswahili humfunga mtendaji ndani ya kitenzi. Mtoto mwingine akisikia "unataka maji" hujua, bila kufundishwa, kwamba akisema yeye ile u- ya mbele lazima itoke. Huyu wako humeza sentensi nzima kama kidonge. Kila siku amesikia "Unataka maji?" na maji yakafuata, basi kwake hilo ndilo jina la maji kuja. Akikufuata akasema "Unataka maji?" hakuulizi. Anaomba.

Usimcheke, na usimjibu "mimi sina kiu". Sema sentensi ambayo yeye ndiye angeisema, "Naomba maji," halafu mpe maji. Kwa wiki kadhaa punguza sana maswali. Mtoto anayeakisi, ukimpa swali atakurudishia swali. Ukimpa "naomba maji" atakurudishia "naomba maji", na hapo anakuwa ameomba kweli. Ukishasema, nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kurudia. Sisi walimu hatuna subira ya ukimya, tunasema "njoo, njoo hapa, hebu njoo basi, husikii?" na kila neno jipya linamrudisha mtoto mwanzo wa kulichambua.

Salamu ni eneo jingine atakalokuletea lawama. Nimeshuhudia mtoto akikemewa vikali kwa kumwambia mzee "Marahaba". Hakuwa na dharau hata chembe. Alikuwa amejifunza maamkizi yote kama wimbo mmoja wenye vipande viwili, na mzee aliposimama mbele yake kikamtoka kipande cha pili. Tulichofanya ni kumweka mwenzake begani pake aseme "Shikamoo" kwa sauti ndogo, yeye arudie hilo tu, mzee aitikie. Wazee wa shule tuliwaeleza mapema wasubiri. Na tafadhali usimlazimishe kukutazama machoni, hata kama umesoma kwenye vitabu vya nje kwamba mtoto lazima afundishwe hilo. Majumbani mwetu wengi tumelelewa tukiinamisha macho mbele ya mkubwa. Kwake kutazama macho ni kazi nzito inayomnyima nguvu za kusikiliza. Akikusikiliza huku anaangalia dirisha, anakusikiliza.

TEACCH ni jambo la pili, na kwa darasa kubwa ndilo litakalokupunguzia kazi upesi. Eric Schopler na wenzake waliianza huko North Carolina, na mwaka 1972 ikawa programu ya jimbo zima. Wazo lake ni hili: watoto wengi wenye usonji hushika vizuri zaidi wanachokiona kuliko wanachokisikia. Neno likishatamkwa limepotea hewani. Kitu kilichoning'inia ukutani bado kipo hapo, anaweza kukirudia mara ishirini. Kwa hiyo ifanye siku ionekane.

Funga kamba ukutani karibu na dawati lake. Kwa vibanio vya nguo ning'iniza kadi za siku kutoka kushoto kwenda kulia: mstarini, kusoma, uji, kucheza, kuhesabu, nyumbani. Picha zikimshinda, tundika vitu vyenyewe: kipande cha chaki kwa ubao, kikombe kwa uji, njiti za ufagio kwa usafi. Kila tendo likiisha, yeye mwenyewe aitoe kadi na kuitumbukiza kwenye kopo la "imekwisha". Huo mlio wa kadi kuanguka ndani ya kopo watoto wengi wanaupenda sana. Ratiba ikibadilika, mvua imenyesha na hakuna kucheza, badilisha kadi mbele ya macho yake kabla ya muda kufika. Hasira nyingi tunazoziita ukaidi ni mtoto aliyeshtukizwa.

Kengele nayo iingie kwenye kamba. Bila shaka yenu ni rimu ya gari inayogongwa kwa chuma, na sauti yake kwa sikio kama lake ni kama kupigwa. Chora rimu, uiweke kabla ya uji na kabla ya kwenda nyumbani, na dakika mbili kabla ya kugongwa mwonyeshe ili azibe masikio kwa hiari yake. Kuziba masikio si kosa. Shule moja niliyoitembelea walifika mbali zaidi, wakampa mtoto chuma agonge mwenyewe, kwanza taratibu, mwalimu wa zamu akiwa kando. Sauti unayoijua itatoka lini na kwa nguvu gani ni rahisi kuivumilia. Yule mtoto akawa ndiye mgonga kengele, hakosi hata dakika moja. Sikuahidi kwamba wako atafanya hivyo. Jaribu, ukiona hofu, acha.

Vizibo sasa. Mrudishie, tafadhali, leo hii.

Nina sababu, na inatoka kwenye kisa cha mtoto wa kwanza kabisa kuelezwa na Leo Kanner, daktari aliyeandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 na kuipa hali hii jina. Mtoto huyo ni Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Mwaka 1942 wazazi wake walimpeleka kuishi shambani na mkulima na mkewe ambao hawakuwa na watoto. Donald alikuwa na tabia ya kupima vitu; wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaeleza kina chake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena bila kuchoka. Wakampa farasi na jembe la kukokotwa, ahesabu huku analima. Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alimwona akilima mistari sita mirefu na kumgeuza farasi kwa ustadi uliomshangaza. Donald alisoma kwenye kashule ka kijijini ambako walimchukua alivyo. Baadaye alimaliza chuo, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Watu wawili wa shamba waliona kile ambacho mtoto anakipenda, wakakifunga kwenye jembe.

Wewe una vizibo. Chukua vizibo vitano, uviweke kwenye sahani kushoto kwake. Kulia weka kopo lenye tundu kwenye kifuniko. Akivimaliza vyote vitano kazi imekwisha, anapata dakika tatu za kuvipanga anavyotaka. Hapo umemjibu maswali manne ambayo Schopler alisema kila kazi lazima iyajibu kwa macho: nifanye nini, kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, na kitafuata nini. Kesho vizibo vyekundu kopo hili, vya njano kopo lile. Mwezi ujao andika tarakimu juu ya makopo: 3, 5, 7, atumbukize idadi hiyo. Ukifika herufi, bandika m, a, t na k juu ya vizibo, apange silabi. Mstari ule ule aliokuwa akiupanga chini ya dawati ndio mstari wa kusomea.

ABA ndiyo inayovumishwa zaidi, na ndiyo ninayokuomba uwe na tahadhari nayo. Ni uchambuzi wa tabia, na sifa yake kubwa ilitokana na Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1987 alitangaza kwamba kati ya watoto 19 waliokuwa chini ya miaka 4 na kufundishwa mmoja mmoja kwa saa 40 kwa wiki, 9 walifikia kusoma darasa la kawaida bila msaada. Watoto hao na wale waliolinganishwa nao hawakugawanywa kwa kura, na waliofuata baada yake hawakupata matokeo makubwa kama hayo. Tena katika kazi zake za mwanzo alitumia makofi, makelele na hata shoti za umeme kuwaadhibu watoto. Watu wazima wengi wenye usonji waliopitia mafunzo ya namna hiyo wanasema walichojifunza ni kujificha. Mimi siwezi kumfundisha mtoto kuacha kupepea mikono yake kwa sababu tu wageni wanashangaa. Haumizi mtu.

Lakini kuna zana za uchambuzi huo ambazo ni za ualimu mwema kabisa, na hizo zichukue. Vunja kazi vipande. Saidia kidogo kidogo ukipunguza. Mtuze papo hapo, wala usingoje mwisho wa wiki. Mfano ni kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi. Kwetu ni jambo moja. Kwake ni kukanyaga kijiti, kulowesha, kushika sabuni, kusugua, kukanyaga tena, kusuuza, kukung'uta. Mfundishe kuanzia mwisho. Msaidie yote kwa mkono wako mpaka kusuuza, umwachie kukung'uta peke yake, kisha umsifu na kumpa kikombe cha uji. Akishaweza hiyo, mwachie kusuuza na kukung'uta. Anayeanzia mwisho kila mara anamaliza kwa ushindi, na ushindi ndio unaomrudisha kesho.

Kuhusu viboko nitasema kwa ufupi kwa sababu sina pande mbili: usimchape, na usiruhusu mwingine amchape. Mtoto huyu hataunganisha kiboko na kosa. Atakiunganisha na wewe, pamoja na chumba kile.

Akilipuka, maneno yawe machache kuliko siku zote. Tundika kanga kwenye kona, mkeka chini, hapo ni mahali pa kupumzika na kamwe pasiwe pa adhabu. Weka mto au nguo kati ya kichwa na ukuta. Baadaye, andika kwenye daftari mambo matatu tu: nini kilitangulia, alifanya nini, nini kilifuata. Baada ya wiki mbili daftari litakuambia siri. Kuna mtoto niliyekuwa naye aliyekuwa akijigonga kila siku baada ya mapumziko. Walimu walisema ni hasira za kurudi darasani. Lilikuwa jino. Asiyeweza kusema "linauma" atalipiga pale linapouma. Kwa hiyo mama ampeleke apimwe masikio, meno na minyoo, na uulize kama anapata choo vizuri. Uwe macho pia kwa kifafa, ambacho huwapata watu wenye usonji zaidi ya wengine: akiduwaa ghafla huku macho yakikwama, au akianguka, huyo ni wa hospitali.

Wale 83 waliobaki ni walimu wasaidizi ambao shule tajiri hazina. Chagua wawili wanaompenda, usimchukue monita kwa sababu ya cheo chake. Wafundishe mambo matatu: simama mbele yake, mwonyeshe, subiri. Wakati wa mapumziko wamwingize kwenye mchezo wa ukuti, ambao mwendo wake haubadiliki. Wakifika pale pa kutetemeka, wasimame kidogo kabla. Wangoje. Siku moja atawaangalia au atatoa sauti wamalizie, na hapo atakuwa amecheza na watu.

Hilo la bweni nalipinga, na nitakueleza ningesema nini kama ningekuwa mbele ya mwalimu mkuu wako. Sipingi vitengo maalumu. Nimefanya kazi humo, na mtoto anayepata kitengo cha kutwa chenye mwalimu aliyesomea usonji amepata bahati. Ila mtoto wa miaka 7 asiyeweza kueleza nani alimpiga, nani alimlia chakula chake au wapi panauma, hapaswi kulala mbali na mtu pekee anayeielewa sauti ya kilio chake. Kanner alipowafuatilia wale watoto 11 mwaka 1971 aliona kwamba waliopelekwa kwenye mahospitali makubwa ya serikali walipoteza hata kile kidogo walichoingia nacho. Shule zetu za bweni si mahospitali yale, lakini umbali ni umbali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama watoto wengine. Mwalimu mkuu si adui. Ana hofu ya kuwa na mtoto atakayeumia mikononi mwake. Mpelekee mpango ulioandikwa, ukurasa mmoja, na umwombe amwite afisa elimu maalumu wa halmashauri aje aone. Huyo anajua walimu waliopita Chuo cha Patandi, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu, wako wapi karibu nanyi, na hata akija mmoja kwa siku mbili kwa mwezi ni msaada.

Kwa mama, nakuomba umwambie jambo moja kwa kinywa chako, maana huenda hakuna aliyemwambia: hakusababisha. Huko Marekani, miaka ya 1950 na 1960, wataalamu waliwalaumu kina mama kwa ubaridi wa mapenzi, mpaka Bernard Rimland, baba wa mtoto mwenye usonji, alipoivunja hoja hiyo mwaka 1964. Kwetu wanalaumiwa kwa mizimu, kwa kuchanganya damu, kwa walichokula wakiwa wajawazito. Na chanjo pia haihusiki. Ile makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyozusha hofu hiyo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Asiuze mbuzi kumlipa mtu anayeahidi kuuondoa usonji kwa dawa au sindano. Fedha hiyo inunue karanga za kufundishia kuomba.

Jumatatu rudisha vizibo, chora kadi moja, na umwite mama. Kadi moja tu. Kamba ya ratiba ianze wiki ya pili. Kila siku weka alama mbili kwenye daftari: mara ngapi alikupa kadi kwa kusaidiwa mkono, na mara ngapi alikupa mwenyewe. Baada ya wiki tatu niandikie hesabu hiyo, pamoja na kile alichokuwa akiomba, nami nitakueleza hatua ya tatu, ya kumpa picha mbili achague.